Mheshimiwa kakubali mdahalo na mtia nia wa chama chake? Soma masharti kwanza

MJOMBA ANAJIBU

Toleo lililopita niligusia kwa mistari miwili tu kisa cha seneta Joe Lieberman wa kule Connecticut, Marekani, aliyekubali mwaka 2006 kukaa kwenye mdahalo wa TV na mtu wa chama chake mwenyewe aliyekuwa anakitaka kiti chake. Nikadhani nimepita zangu kumbe nimechokoza nyuki. Meseji zimekuja za Morogoro, Tanga, Nakuru, Dodoma, hadi Bronx. Nimechagua chache, zingine mnisamehe, na yule aliyeniandikia matusi kwa herufi kubwa tupu tutaonana siku nyingine.

SWALI: Mjomba shikamoo. Kisa cha Lieberman umetuacha njia panda. Sisi tupo kijiweni hapa Morogoro, tumebishana mpaka kashata zimeisha kwenye sinia. Mwenzetu mmoja anasema haiwezekani, mtu ana kiti, ana jina, kagombea hadi umakamu wa rais, afu akubali kukaa na mtu ambae hata ubunge hajawahi kuushika. Ilikuaje, na alikubali kwa nini? – Msomaji, Morogoro

JIBU: Marahaba, na mwambieni huyo mwenzenu kashata alipe yeye mana ilitokea kweli.

Lieberman alikuwa seneta tangu 1989. Mwaka 2000 Al Gore akamchukua kuwa mgombea mwenza, kura hazikutosha (kule kuna maneno mengi kuhusu Florida ila tuyaache), akarudi zake seneti. Mtu wa namna hiyo ndani ya chama kwa kawaida haguswi. Kilichomponza ni vita ya Iraq, Wanademokrati wengi, yaani watu wa chama chake, walishaichoka, yeye bado anaitetea kama ya kwake, na kuna siku Februari 2005 baada ya hotuba ya rais bungeni, Bush wa chama pinzani cha Republican anapita anasalimia watu akamshika Lieberman kichwa akamsogezea shavu kama anambusu. Ile picha ilimganda kama ulimbo. Wasiompenda walitengeneza sanamu kubwa la ile busu wakawa wanalizungusha barabarani, yaani mzee anaenda kuomba kura anakutana na busu lake mwenyewe linakatiza mtaani.

Hapo ndo akatokea Ned Lamont, mfanyabiashara wa TV za kebo kutoka Greenwich, mji wa matajiri hasa, uongozi wake mkubwa ulikuwa kwenye serikali ya mji wao basi. Mei 2006 kwenye mkutano wa chama wa jimbo alihitaji asilimia 15 ya wajumbe ili jina lake liingie kwenye kura ya wanachama. Akapata kama 33. Watu wa Lieberman walicheka kabla ya ule mkutano, baada ya hapo sikusikia aliyecheka.

Sasa kwanini akubali mdahalo. Mwenye kiti akiwa juu sana hakubali, na hana sababu, ukikaa meza moja na mtu asiyejulikana umempandisha chati bure, umempa saa nzima ya TV ambayo angeilipia mamilioni, na wewe huna cha kuongeza mana watu wanakujua tayari. Ndo mana wengi jibu lao ni lile lile, "nina majukumu ya kitaifa". Akiwa chini sana anautafuta mwenyewe kwa tochi. Kazi ipo katikati, pale utafiti wa maoni unaonyesha pengo linapungua kila mwezi na kukataa kunaanza kuonekana uoga, hapo mkubwa anajiambia bora nikakae nae, nimbane maswali, watu waone hana kitu kichwani. Kwa maoni yangu hii ndo hesabu ya Lieberman, alitaka kumwanika mwenzie.

Lakini usisahau kitu kimoja. Tarehe 3 Julai, siku tatu kabla ya mdahalo, alitangaza kwamba anaanza kukusanya saini za kugombea kama mgombea huru endapo wanachama watamkataa. Yaani kaingia studio mguu mmoja ndani ya chama, mwingine upo nje unatafuta kiatu. Na Hillary Clinton siku iliyofuata tu akasema yeye atamuunga mkono atakaeshinda ndani ya chama, hata kama sio Lieberman. Ukiwa na marafiki wa hivyo utakubali midahalo tu.

SWALI: Mjomba, kwahiyo mdahalo ndo ulimwangusha? Na je kweli alisema yeye sio Bush? Mana niliona kipande mahali nikadhani ni utani. – Dada wa Chumbageni, Tanga

JIBU: Alisema, dada yangu. Alhamisi tarehe 6 Julai, studio ya NBC 30 pale West Hartford, saa moja nzima, na ukarushwa nchi nzima mana watu walishanusa damu. Lieberman akasema anamjua George Bush, kafanya kazi kumpinga George Bush, kagombea hadi dhidi ya George Bush, afu akamgeukia mwenzie, "lakini Ned, mimi sio George Bush". Sentensi imetengenezwa vizuri, hata mimi ningeiandika. Shida yake ni kwamba mtu mzima ukishafika mahali unawaambia watu wa nyumbani kwako kwamba wewe sio jirani, basi kuna kitu kimeshaharibika kabla hujafungua mdomo.

Kwa pointi Lieberman alimzidi. Lamont hakuwa mzoefu wa mambo hayo, mwanzoni macho yalikuwa yamemtoka, anajibu kama mtu aliyekariri usiku kucha, na mzee anamkatiza, anamuuliza yeye ni nani hasa, anamtaka atoe fomu zake za kodi hadharani. Mpaka Lamont akamwambia seneta hapa sio Fox News. Ni kaneno kadogo ila kwa wanachama wa Democratic kaliwagusa penyewe mana Fox ni TV ya wenzao wa upande wa pili, ni kama umwambie mzee wa chama chako "mheshimiwa naona leo umevaa sare za wapinzani".

Afu watu wakakumbuka kitu. Mwaka 2000 huyu huyu Lieberman alifanya mdahalo wa wagombea wenza na Dick Cheney, mgombea mwenza wa Bush, kule Danville, Kentucky. Walikaa mezani wanatabasamu, wanapeana vizuri, kila mtu akasifia ustaarabu wao na Democrats wengine wakanung'unika kimoyomoyo kwamba mtu wetu mbona mpole hivi. Miaka 6 baadae anakutana na mwanachama mwenzie anakuja na moto. Mwanachama wa kawaida aliyekaa sebuleni akajiuliza, kumbe ukali anao, sasa siku ile na Cheney aliuacha wapi? Mi naamini hapo ndo alipoumia, wala sio kwenye hoja.

Lakini siwezi kukudanganya kwamba saa moja ya TV inaangusha seneta wa miaka 17. Vita ndo ilimwangusha. Mdahalo ulichofanya ni kumtoa Lamont kwenye kundi la "yule tajiri wa Greenwich" ukamfanya mtu anayeweza kusimama. Tarehe 8 Agosti wanachama wakapiga kura, Lamont asilimia 52, Lieberman 48, tofauti ya kura kama elfu 10 hivi.

Na wala hadithi haikuishia hapo, subiri swali linalofuata.

SWALI: Mimi nimesoma mahali kwamba Lieberman aliendelea kuwa seneta hadi 2013. Sasa alishindwa vipi afu akaendelea? Au ndo yale yale ya kukata majina? – Msomaji wa Kahama

JIBU: Hapana, kule jina halikukatwa na kikao. Sheria ya Connecticut ilimruhusu mtu aliyeangushwa kwenye mchujo apeleke saini zake kesho yake, saini 7,500, agombee nje ya chama. Zile alizoanza kukusanya kabla ya mdahalo ndo zikafanya kazi. Novemba akashinda kwa asilimia 50 kwa 40 za Lamont, mgombea wa Republican akaambulia kama 10, yaani Republicans wengi walimpa kura Lieberman. Waliompiga chini Agosti ni wanachama waliojiandikisha kwenye chama tu, waliomrudisha Novemba ni jimbo zima.

Kwa Tanzania mlango huo haupo. Katiba yetu inataka mgombea awe amedhaminiwa na chama, na marehemu Mchungaji Mtikila alihangaika na jambo hili mahakamani miaka na miaka mpaka Mahakama ya Afrika pale Arusha ikampa haki Juni 2013, na bado mgombea binafsi hujamuona kwenye karatasi ya kura. Kwahiyo mbunge wetu akiangushwa kwenye kura za maoni ana njia mbili, akae anyamaze au ahamie chama kingine usiku usiku na mashati mapya. Wakenya wao mlango wanao tangu katiba ya 2010 ila umewekewa kufuli, kifungu cha 85 kinataka uwe hujawa mwanachama wa chama chochote kwa miezi 3 kabla ya uchaguzi, sasa hesabu na tarehe za mchujo utaona kwanini watu wanakimbizana na barua za kujiuzulu.

Hii nimeieleza kwa kirefu kwa sababu inagusa mdahalo wenyewe. Mwenye mlango wa nyuma anaweza kukubali mdahalo akiwa hana presha sana. Asiye na mlango wa nyuma kila dakika mbele ya kamera ni maji ya shingo, ndo mana anakimbia.

SWALI: Mjomba mambo, mi naishi Bronx mwaka wa 11 sasa. Huku kwetu 2018 tuliona mkubwa akituma mtu amwakilishe kwenye mdahalo, kama vile anatuma mtoto dukani. Uliisikia hiyo? – Mdau wa Parkchester

JIBU: Poa sana, na wewe upo kwenye eneo la tukio kabisa! Nimeisikia na bado inanichekesha. Joe Crowley, mbunge tangu 1999, kiongozi mkubwa wa chama pale Queens, miaka mingi ilikuwa imepita hakuna aliyethubutu kumpinga ndani ya chama. Akatokea binti wa miaka 28 aliyekuwa akihudumia baa, Alexandria Ocasio-Cortez. Crowley alikaa nae mara moja studio ya NY1 tarehe 15 Juni, ila siku tatu baadae kwenye mdahalo wa hapo hapo kwenu Bronx hakutokea, akamtuma Annabel Palma, diwani wa zamani, mwanamke mwenye asili ya Kilatino kama mpinzani wake. Hebu fikiria umekaa jukwaani unasubiri ujibizane na mwenye kiti, unaletewa mtu mwingine. Hata New York Times ikamsema. Tarehe 26 Juni kura zikasomwa, kama 57 kwa 43, mkubwa chali.

Tena usiniambie alishindwa kwa ajili ya siku ile moja, hapana, alishindwa kwa sababu jimbo lilishabadilika na yeye alikuwa anakaa Washington zaidi. Lakini kile kiti cha Bronx kilikuwa picha. Watu hawakumbuki sera, wanakumbuka kiti.

Na kwa kuwa upo New York nikuongezee kingine cha mwaka huo huo, mana hiki ndo kinaonyesha ninachokisema kuhusu masharti. Gavana Andrew Cuomo mwaka 2014 alikataa kabisa mdahalo na Zephyr Teachout, profesa wa sheria, na profesa yule bila pesa bila TV akapata kama theluthi ya kura. 2018 akaja Cynthia Nixon, mwigizaji, safari hii gavana akakubali. Mara moja tu. Tarehe 29 Agosti, chuo cha Hofstra, jioni moja mwisho wa likizo watu wako ufukweni. Kabla ya mdahalo likazuka la kiyoyozi! Timu ya Nixon waliandika kuomba ukumbi uwe nyuzi 76 za kwao, kama 24 zetu, kwa sababu gavana anajulikana kwa kupenda baridi kali na vyumba vya kazi vimezoea kupozwa kwa starehe ya wanaume wenye masuti. Watu wakacheka, mi sikucheka. Anayechagua tarehe, saa, ukumbi, idadi ya midahalo na hadi baridi ya chumba, huyo ameshazungumza nusu ya mdahalo kabla taa hazijawaka. Usiku ule gavana akamwambia aache kumkatiza, Nixon akamjibu na wewe acha kudanganya, gavana nae hakukaa kimya. Septemba 13 Cuomo akashinda kama 65 kwa 34, kirahisi. Kwahiyo kukubali sio lazima uumie, ukikubali kwa masharti yako.

SWALI: Sasa rais aliye madarakani je? Huwa anakubali? – Mwanafunzi, Iringa

JIBU: Kwa urais wa Marekani karibu wote wanakimbia. Ford hakukaa na Reagan 1976, Bush mkubwa hakukaa na Buchanan 1992. Ila Jimmy Carter ndo wa kusomea, mana yeye alikubali.

Mwaka 1979 Carter alikuwa hoi, bei ya mafuta, foleni za petroli, na Ted Kennedy ndani ya chama chake anampita kwenye utafiti wa maoni. Akakubali mdahalo na Kennedy, Des Moines, Iowa, tarehe 7 Januari 1980. Umeona? Yupo chini, anakubali. Siku hizo hizo, Novemba 4, 1979, wanafunzi wa Tehran, Iran, wakavamia ubalozi wa Marekani wakashika mateka, na kama ilivyo kawaida nchi ikishambuliwa watu wakakusanyika nyuma ya rais wao, Carter akapanda juu ghafla. Mwisho wa Desemba akatuma taarifa kwamba hawezi kuja Iowa, ana mateka wa kuwashughulikia. Labda kweli alikuwa nao, simbezi, ila ratiba ya uchungu ilifuatana vizuri sana na ratiba ya utafiti wa maoni. Iowa akashinda 59 kwa 31. Kennedy akaendelea kumsumbua mpaka mkutano mkuu Agosti, na Novemba Reagan akaja akabeba nchi. Mateka bado walikuwa Tehran.

SWALI: Sasa Mjomba, hiyo mambo ya kiti tupu hata sisi huku Kenya tunaijua. 2017 Uhuru hakukuja, Raila akasimama peke yake. 2022 Raila naye hakukuja, Ruto akasimama peke yake. Si ni kitu moja tu? – Msomaji, Nakuru

JIBU: Karibu sana ndugu. Inafanana kwa sura, hesabu yake ni tofauti kidogo. Ile ilikuwa midahalo ya uchaguzi mkuu, chama na chama. 2017 Julai Uhuru ndo mwenye kiti, akakataa, Raila akapewa jukwaa zima akaongea na watangazaji saa moja na nusu kama mahojiano, na podiamu ya pili imesimama inang'aa haina mtu. 2022 hakukuwa na mwenye kiti anayetetea, Raila ndo aliyekataa, akisema hawezi kusimama na mtu asiyetaka kuulizwa mambo ya rushwa. Mtu yule yule aliyefaidi kiti tupu 2017 akakiacha kitupu 2022, siasa ina kumbukumbu fupi kama kuku. Na aliyeonekana jasiri kila mara ni aliyefika.

Swali ambalo ningependa mnijibu ninyi wa Nakuru ni hili, kwanini mchujo wa chama huko kwenu hauna mdahalo kabisa? Kwenye kaunti nyingi ukishapata tiketi ya chama kikubwa cha eneo umeshamaliza kazi, uchaguzi mkuu ni kama harusi, mchujo ndo posa. Yaani pale penye uamuzi wenyewe hakuna anaeulizwa swali kwenye TV, afu pale palipoamuliwa tayari ndo tunawekewa podiamu na taa. Mi naona kinyume nyume.

SWALI: Mzee mimi ni mjumbe, Dodoma, sitaji kata. Unasifia ya Marekani wakati sisi kwenye CCM watia nia wote wanazungushwa pamoja kujinadi mbele yetu, mbunge aliyemaliza muda wake yupo, wapya wapo, wote dakika sawa, na maswali tunauliza. Huo sio mdahalo? – Mjumbe

JIBU: Mheshimiwa mjumbe nakusalimu kwa heshima zote mana tangu 2020 mtaani wanasema wajumbe sio watu, na mimi sitaki kujua.

Una hoja, na nakubali nilipitiwa. Nilishawahi kukaa kwenye ukumbi wa shule ya msingi, sitaji jimbo, nimesindikiza ndugu yangu aliyetia nia. Watia nia walishuka kwenye Coaster moja, wamebanana, vumbi limewapaka wote rangi moja, mbunge mwenye V8 nae kashuka humo humo na kitambaa mkononi. Aisee ile picha nilipenda. Wakapewa dakika tatu tatu, katibu ana saa ya simu mezani, ikilia unakaa hata kama upo katikati ya neno. Mbunge akaanza kusoma orodha ya madarasa na visima, akafika kisima cha nne simu ikalia. Akabaki amesimama na karatasi yake. Akasema "naomba dakika moja", ukumbi ukasema hapanaaa kwa sauti moja, kina mama wa mbele wanapiga na makofi. Miaka mitano yule mtu hakuwahi kuambiwa hapana na hao watu uso kwa uso. Akakaa.

Kwa upande huo nyie mmewashinda hata Connecticut, mana hapo kwenu kukataa hakupo, usipopanda Coaster umejitoa mwenyewe, na masharti hayawekwi na mwenye kiti.

Ila sasa nikuulize na mimi. Maswali mangapi yaliulizwa siku ile? Nilihesabu matatu, moja lilikuwa la kumuuliza mtia nia kama kaoa. Na watia nia hawaruhusiwi kuulizana wao kwa wao, kila mtu anamwaga sera zake anakaa, wa pili anamwaga zake anakaa, hakuna pale pa "Ned, mimi sio George Bush", hakuna wa kumwambia mheshimiwa kile kisima cha tatu ulichokitaja hakina maji tangu Machi. Wote ukumbini tulijua hakina maji! Mtia nia wa nne alikuwa anatoka kijiji hicho hicho, nilimuona anajinyonganyonga kwenye kiti, kanuni zinamfunga mdomo. Halafu kura zenu zikishapigwa kuna vikao vya juu navyo, mshindi wa ukumbini sio lazima awe ndo jina linalorudi. Kwahiyo mi naita kujinadi, mdahalo bado nusu yake. Ndugu yangu alipata kura 6, na waliomuahidi kwa mdomo walikuwa 40.

SWALI: Kuna aliyewahi kukubali huku anajua kabisa atashindwa? Mana hesabu zako zote ni za faida tu, Mjomba. – Mama Wawili, Mbezi

JIBU: Umenikamata. Yupo, na ajabu ni binti wa yule yule Cheney wa Danville. Liz Cheney, mbunge pekee wa jimbo zima la Wyoming, alimpinga Trump baada ya vurugu za kuvamia bunge Januari 6, 2021, chama chake cha Republican kikamsusa. Juni 30, 2022 akaja kwenye mdahalo wa mchujo pale Sheridan na wapinzani wanne wanamzunguka, akatazama kamera akasema kama mnatafuta mtu wa kuvunja kiapo chake cha katiba mpeni kura mtu mwingine. Wakampa mwingine kweli, Agosti 16, Harriet Hageman akapata zaidi ya asilimia 66, yeye chini ya 30. Huyo hakuwa anahesabu kura za Wyoming, alikuwa anaweka maneno yake kwenye rekodi. Hesabu nayo hiyo, ila ya aina nyingine, na sina uhakika kama ningeiweza mimi.

SWALI: Kaka samahani, mi ni kijana natia nia udiwani kumpinga diwani wa chama changu. Nimwombe mdahalo? Akikubali nifanyeje? – Mtia nia, jina kapuni

JIBU: Muombe kwa barua, ipitie kwa katibu, weka na nakala. Akikataa usipige kelele siku ya kwanza, acha watu waulize wenyewe. Akikubali ndo uwe macho. Muulize ni lini, saa ngapi, nani anaongoza, nani amealikwa kukaa viti vya mbele, mnakaa au mnasimama (kama ni mfupi omba kukaa), mnaruhusiwa kuulizana? Hilo la mwisho ukilikosa usiende umejaa matumaini. Na wewe nae nenda kakitazame kile kisima mwenyewe asubuhi ya siku hiyo, uende na ndoo.

SWALI: La mwisho Mjomba, hao wawili, Lieberman na Lamont, walikuja kupatana? – Msomaji, Morogoro tena

JIBU: Nyie wa Morogoro hamna kazi? Lamont alijaribu tena mambo ya ugavana, 2018 akashinda, na mpaka Lieberman anafariki Machi 2024 akiwa na miaka 82 gavana wa Connecticut alikuwa ni huyo huyo Ned. Aliagiza bendera za jimbo zishushwe nusu mlingoti, akaenda mazikoni Stamford. Gore nae alikuwepo.